Eda ya Nchi Ndogo

Usiku wa jana niliota nchi nzima imekaa kwenye benchi.

Benchi lenyewe nalijua. Ni lile la mbao lililo kati ya duka la Mzee Suta na duka la Bwana Isere, hapa kwetu Kondoa, ambalo tangu mwezi wa Ramadhani uliopita hakuna anayelikalia. Mzee Suta anasema benchi ni lake kwa sababu mbao ni zake. Bwana Isere anasema ni lake kwa sababu misumari ni yake. Wameacha kusalimiana. Unga nanunua kwa Suta, mafuta nanunua kwa Isere, na jana mchana kila mmoja kwa wakati wake aliniambia neno lile lile: "Mama Zaituni, ukitoka kwangu ukaingia kwa yule, hapa usirudi."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ni mjane, nakaanga maandazi, na watoto wa madrasa ya Mwalimu Kijuu hupita kwangu kila asubuhi kabla hawajaenda kusoma. Wengine hicho ndicho chakula chao mpaka adhuhuri. Chupa ya mafuta niliigeuza juu chini, halikudondoka hata tone. Nikaosha karai, nikalifunika, nikasikiliza redio ikitaja vita vya mbali na meli zilizokwama, nikaswali isha, nikalala.

Sasa niko pale dukani, ni asubuhi na jua limetoka. Kwenye benchi imekaa nchi.

Si kubwa. Upana wake ni wa mwanamke mmoja aliyekaa vizuri. Imejitanda kanga kuukuu, na pale kanga ilipokaa vibaya naona mlima, shamba la viazi, na kituo kidogo cha polisi chenye bendera.

"Shikamoo," nchi ikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kidogo."

Nikaiuliza jina. Ikasema jina lake limeandikwa kwenye ramani kwa herufi ndogo mno, hata yenyewe haijawahi kulisoma. Watu huiita Nchi Ndogo. Nikaona linatosha.

"Mbona umekaa hapa? Benchi hili lina ugomvi."

"Ndiyo maana nimekaa katikati. Mimi sifungamani na upande wowote."

Ikasogea kidogo kushoto, ikajipima, ikarudi kulia. Ndipo nikaona chini yake kuna mstari wa chaki umechorwa kukata benchi katikati, nayo imeukalia barabara.

"Mama Zaituni," ikasema, "nimefiwa na mume wangu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Marehemu ni nani?"

"Biashara."

Nilimjua. Nani asiyemjua Biashara? Mtu wa safari, akiondoka na chumvi anarudi na sabuni, hachagui mlango wa kubisha.

"Amekufa na nini?"

"Alikuwa anapita kati ya wawili wanaopigana, amebeba magunia. Kila mmoja akadhani anampelekea mwenzake."

Tangu hapo sikuiona tena kama nchi. Nilimwona mjane mwenzangu.

"Umeshakaa eda?" nikamuuliza.

"Sijui kukaa. Nimeambiwa wewe unajua."

Ni kweli najua. Ya kwangu niliikaa yote, miezi minne na siku kumi, sikuruka hata siku moja, na mpaka leo wanawake wa mitaa mingine huja kuniuliza. Nikamshika mkono nimwinue. Alikuwa mzito upande wa milimani.

Tuliposimama, benchi likawa kitanda changu cha kamba na duka likawa chumba changu. Sikushangaa. Mlango wa mbele uko pale pale, mlango wa uani uko pale pale, karai limefunikwa kama nilivyoliacha. Ila mlangoni amesimama chekeche langu la unga, amevaa kofia ya forodha.

"Una kitu cha kutangaza?" akaniuliza.

"Chekeche, mimi ndiye niliyekununua."

"Mama, kazini hatujuani. Una kitu cha kutangaza?"

"Mjane mmoja."

Akamkagua Nchi Ndogo toka utosini mpaka unyayoni, akatikisika mara tatu, akasema, "Apite. Hana mawe."

Nikamkalisha mkekani, nikaanza kumweleza masharti.

"Usijipake manukato. Usitie wanja. Usivae vya kung'aa."

"Nina mgodi mdogo wa dhahabu," akasema.

"Ufunike."

Akaufunika kwa upindo wa kanga.

"Usitoke bila dharura. Na asije mtu kukuposa. Anayekutaka anaweza kudokeza, lakini posa ya wazi hakuna mpaka eda iishe."

"Na kusema ndiyo?"

"Hakuna ndiyo. Wala hakuna hapana. Mwenye eda hajibu, na hakuna wa kumlaumu."

Nchi Ndogo akavuta pumzi ndefu. Mito yake ikajaa kidogo, ikashuka. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa natafuta sheria ya namna hiyo."

Kisha nikasikia watoto wanalia. Sauti ilikuwa inatoka kwenye kanga yake. Nikainama, nikavaa miwani. Kwenye ukingo wa kanga kuna foleni ya watoto wadogo kama punje za mtama, kila mmoja ameshika bakuli lake.

"Wamekula nini hawa?"

"Jana walikula akiba. Leo hakuna." Akaonyesha sakafuni, pale ambapo jua la mlangoni lilikuwa limefika. "Jua hilo likigusa mkeka na watoto hawajala, itabidi nimkubali mmoja. Sitakuwa na la kufanya."

"Mmoja wa akina nani?"

"Wanakuja."

Mlango wa mbele ukabishwa, nyumba ikatikisika.

Ilikuwa Nchi Kubwa. Mlango wangu ulimwonyesha goti tu. Sehemu yake iliyobaki ilipanda juu ya paa, ikavuka mwembe wa jirani na kwenda zake. Alikuwa na nishani nyingi kifuani, zinagongana kama vifuniko vya sufuria.

"Hodi."

"Karibu, ila usiingie. Ndani kuna mwenye eda."

"Nimekuja kudokeza tu."

"Haya, dokeza."

"Nina ngano," akasema kwa sauti ya mtu anayetazama pembeni. "Nyingi. Inalala peke yake ghalani. Huwa nawaza, angekuwepo mtu mtulivu karibu yangu, anayejua kupika..."

"Hapo hapo," Chekeche akasema. "Ukizidi hapo ni posa."

Kabla sijajibu, nikasikia kishindo uani. Ni Nchi Kubwa nyingine, imeingilia nyuma, imekanyaga mchicha wangu wote, na begani imebeba pipa la mafuta ya kula. Ya kwanza nikaiita wa Mlangoni, hii nikaiita wa Uani.

"Bi mkubwa," wa Uani akasema, "huyo wa mbele yupo?"

"Yupo."

"Mwambie sisemi naye."

Nikaenda mlangoni. "Anasema hasemi nawe."

"Mwambie hata mimi."

Nikarudi uani. "Anasema hata yeye."

"Mwambie alianza yeye."

Kazi hiyo naijua tangu utotoni. Baba na mama walipokuwa wamenuniana, mimi ndiye niliyekuwa nabeba maneno kati ya barazani na jikoni. Toka mlango wa mbele mpaka uani kwangu ni hatua kumi na moja. Nilizitembea mpaka nikaona bora nivae ndala.

"Mwambie nitampiga kombora."

"Anasema atakupiga kombora."

"Muulize, kubwa kiasi gani?"

Nikaenda nikauliza. "Anasema kama tangi la maji la shule."

"Mwambie langu ni kama shule yenyewe."

Hapo nikasimama katikati ya nyumba. "Hilo mpelekee mwenyewe. Mimi nabeba maneno, sibebi shule."

Kisha wa Mlangoni akainama mpaka jicho lake moja likajaa mlangoni, akamtazama Nchi Ndogo. "Nadokeza tu," akasema, "lakini anayepokea mafuta ya yule, unga wangu asiutarajie."

Na wa Uani akasema kwa nyuma, "Nami nadokeza. Anayepokea unga wa yule, mafuta yangu hayaoni."

Nikamtazama Chekeche. Akainua mabega. Kudokeza kunaruhusiwa.

Jua limebakiza kiganja kimoja kufika mkekani.

"Mama Zaituni," Nchi Ndogo akaninong'oneza, "nimwambie ndiyo huyu wa mlangoni. Unga unatoa hata uji. Watoto wapate kula."

"Na kesho?"

"Kesho atawavisha sare."

Nikatazama mlangoni. Kweli, kwenye mfuko wa suruali yake kulikuwa na cherehani, na pembeni zimekunjwa sare za kijani, ndogo kama mbawa za nzi. Nikaenda uani. Wa Uani naye alikuwa na cherehani yake na sare za kahawia. Nikazipima kwa macho. Wote wawili vipimo vyao vilikuwa sawasawa kabisa na wale watoto wa foleni. Hicho ndicho kilichoniudhi. Mtu hajaleta hata kibaba cha unga, lakini kipimo cha bega la mtoto anacho.

Nikakaa chini nikakumbuka eda yangu.

Katika eda yangu nilikula siku nyingi bila kujua ni mkono wa nani. Asubuhi nikifungua mlango nakuta bakuli kizingitini, limefunikwa kawa. Siku moja maharage, siku moja ugali na mlenda. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba bakuli moja lilikuwa la mke wa mtu aliyekuwa na kesi ya shamba na marehemu mume wangu. Hakusema. Nami sikuuliza. Kesi iliendelea na maharage yaliendelea.

Nikainuka, nikasimama pale pale katikati ya nyumba, nikasema kwa sauti ya kusikika milango yote miwili.

"Nyinyi mabwana wawili. Mnajua kwamba hapa kuna msiba?"

Mlangoni nishani ziligongana, uani pipa likahamishwa bega.

"Nauliza, mnajua?"

"Tumesikia," wa Mlangoni akasema.

"Na mmekuja msibani mikono mitupu?"

Nchi kubwa zikiona haya, hali ya hewa hubadilika. Upande wa mbele kulishuka ukungu. Uani pipa la mafuta likatoka begani polepole, likatua chini.

"Si mikono mitupu," wa Uani akasema. "Tumekuja na, na masharti."

"Msibani haliletwi sharti. Kinacholetwa msibani si posa wala si biashara. Kinawekwa kizingitini, hakitajwi jina, hakirudishwi, na kesho hakisimuliwi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa watu waliolelewa."

Nilimaliza na hilo neno kwa makusudi. Hakuna nchi inayopenda kuambiwa haikulelewa.

Wa Mlangoni akaguna. Akashusha gunia la ngano iliyosagwa tayari, akaliweka kizingitini, akatazama kando kama si lake. Juu ya gunia palikuwa na bendera.

"Bendera haipiti," Chekeche akasema.

"Ndogo tu. Ijulikane imetoka wapi."

Chekeche hakubishana. Akaumwaga unga ndani yake mwenyewe, akatikisika. Unga ukapita chini, mweupe, mlaini. Juu zikabaki bendera, wadudu wawili, na wimbo wa taifa wa mistari mitatu ukiimbwa kwa sauti ndogo. Chekeche akavikung'utia nje. Mafuta ya wa Uani nayo nikayachuja kwa kitambaa, kikabaki na picha ya kiongozi anayecheka. Nikaianika kambani, asije akasema nimemtupa.

Nikafunua karai. Nikasema bismillahi, nikakanda.

Unga ule na mafuta yale havikuwahi kukutana. Mwanzoni vilikataa kushikana. Unga ukajivuta huku, mafuta yakajivuta kule. Nikavikanda kama ninavyokanda siku zote, sikuvibembeleza. Vikashikana. Nikakata maandazi madogo kadiri ya punje, na kwa kuwa nilikuwa na donge limebaki, nikakata na makubwa mawili.

Mafuta yalipochemka, harufu ikaenea. Chekeche akavua kofia.

"Mama, nisamehe, ni kazi. Mwenye eda hatakiwi kunukia. Harufu hii si manukato?"

Nikafikiri kabla ya kujibu, maana sheria si kitu cha kuchezea. "Manukato ni ya kupaka," nikasema. "Hii ni ya kula."

"Kasema nani?"

"Waulize wale wenye mabakuli."

Jua lilikuwa limebakiza ukucha mmoja. Nikawapakulia watoto. Foleni ikapita ukingo wote wa kanga, andazi moja bakuli moja, wa mwisho akiwa msichana mwenye kikohozi aliyeniambia, "Ahsante, bibi." Jua likagusa mkeka. Likamkuta anatafuna.

Nchi Ndogo akajifunika uso kwa kanga, akalia kidogo. Mvua nyepesi ikanyesha kwenye shamba lake la viazi.

Yale mawili makubwa nikampelekea kila mmoja mlangoni kwake. Msibani hata mgeni asiyetakiwa hula.

Wa Mlangoni akaligeuza andazi, akalinusa. "Hili lina mafuta ya nani?"

"Ya msiba."

"Nauliza ya nani."

"Nami nakujibu, ya msiba. Kula."

Akala. Uani nako nikasikia yule mwingine anatafuna pole pole, kama mtu anayetafuta kosa halioni. Wote wawili walionekana hawajala siku nyingi. Nadhani walikuwa wanakula mipango tu.

Alipomaliza, wa Mlangoni akajifuta mdomo kwa wingu, ujeuri ukamrudia. "Haya. Eda yenyewe inaisha lini? Maana kwa mwezi wangu imeisha jana."

Akachomoa mwezi ndani ya koti. Ulikuwa wa duara, umefungwa kwenye gazeti.

"Mwambie huo mwezi wake ni wa zamani!" wa Uani akapaza sauti. "Halali ni huu." Akachomoa wa kwake, mwembamba, ameuhifadhi ndani ya chupa ya mafuta usipate kutu. "Na kwa huu, eda inaisha kesho asubuhi, mimi nikiwa wa kwanza mlangoni."

Nikavaa miwani nikautazama mmoja, nikaenda nikautazama wa pili. Yote miwili ilikuwa miezi.

"Mimi elimu yangu ni darasa la saba," nikasema. "Mambo ya miezi nawaachia wenyewe. Ila najua jambo moja. Mjane mmoja hatoki eda kwa miezi miwili. Kubalianeni mwezi ni upi, na eda itakwisha saa hiyo hiyo."

"Mwambie ni wangu."

"Mwambie hauwezi kuwa wake."

Safari hii sikwenda popote. Nilivua ndala, nikakaa mkekani karibu na mwenzangu. Wakasubiri. Nikaokota tasbihi.

Baada ya muda nikasikia juu ya paa langu sauti ya wa Mlangoni. "Wee."

Nikahesabu shanga kumi za tasbihi.

"Nini?" wa Uani akajibu.

Chekeche akanikonyeza.

Wakaanza kubishana wao kwa wao, ana kwa ana, juu ya bati. Kila mmoja akawaamuru askari wake watazame juu watafute ushahidi. Nikachungulia dirishani. Mpaka mwisho wa macho yangu, askari wote wa pande zote mbili wamesimama mchana kweupe, shingo nyuma, mikono juu ya nyusi, wanatafuta mwezi. Hakuna aliyekuwa anapiga bunduki. Huwezi kulenga huku umetazama mbinguni. Kati yao barabara ilikuwa tupu, na lori moja la vitunguu likapita taratibu, bila kuulizwa na mtu.

"Na wakikubaliana je?" Nchi Ndogo akauliza.

"Siku hao wawili watakapokubaliana juu ya mwezi, hutahitaji tena kukaa eda."

Akafikiri. Akajisogeza vizuri ukutani. "Basi mimi nipo," akasema.

Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, bado imejaa mafuta ya andazi. "Na wewe, Mama Zaituni?"

"Mimi nini?"

"Kwenu hakuna benchi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikasikia adhana ya alfajiri.

Nikaamka. Karai limefunikwa. Chupa imesimama juu chini, kavu. Nikachota maji nitawadhe. Kwenye kiganja cha kulia maji hayakukaa. Yalijikusanya matone matone, yakateleza yakaanguka, kama kwenye jani la magimbi. Nikanusa mkono. Nikasema labda nimeshika kitu. Lakini ndani ya nyumba hakukuwa na tone la mafuta tangu juzi. Nikanawa kwa sabuni, nikarudia udhu, nikaswali.

Kisha nikavaa baibui, nikachukua bakuli tupu na kawa lake, nikaenda dukani kabla hawajafungua. Mzee Suta alikuwa ndani anakohoa. Kwa Bwana Isere funguo zilikuwa zinalia. Neno la kuwauliza nilikuwa nalo: kama wanajua kwamba pale mtaani kuna watoto wa Mwalimu Kijuu, na kama wao wawili walilelewa.

Benchi lilikuwa na umande. Nikalifuta kwa upindo wa mtandio ili nikae. Upande wa kushoto ulifutika, upande wa kulia ulifutika. Katikati pakabaki mstari mweupe wa chaki.

Nikaukalia barabara, nikaweka bakuli mapajani.